Fremu ya droni kwa anayeanza kupiga picha za angani: kamera ipimwe kwanza

Mtu akiamua kuunga droni yake ya kupigia picha, mara nyingi huanza kwa kununua fremu. Ameiona mtandaoni, nyeusi, ya nyuzi za kaboni, mikono inakunjika na miguu inapanda yenyewe ikiwa angani. Kamera anaifikiria baadaye. Kiukweli huo mpangilio ndio unaowaumiza wengi, kwa sababu fremu ya droni haichaguliwi kwa sura. Inachaguliwa kwa gramu.

Fremu ni mifupa ya droni. Ina bamba la kati linaloshika betri na bodi ya kuongozea, mikono inayobeba mota, na miguu ya kutulia chini. Ikiwa ndogo kuliko mzigo, droni hupaa kwa taabu, mota huchemka na muda wa kuwa hewani hupungua. Ikiwa kubwa kupita kiasi, anayeanza anajikuta anajifunzia kwenye mashine ya kilo 3 au 4, na kila ikianguka hasara yake ni kubwa. Ikiangukia watu, hapo si suala la pesa tena. Propela ya inchi 10 inayozunguka zaidi ya mara 5,000 kwa dakika inakata nyama bila shida, na kazi ya kwanza ya wengi ni harusi au send-off, yaani mahali penye watu wengi kuliko pote.

Kuunga au kununua iliyo tayari?

Swali hili lijibiwe kwanza, maana kwa watu wengi jibu ni kununua iliyo tayari.

Mambo hayakuwa hivyo zamani. Kabla ya DJI kutoa Phantom ya kwanza Januari 2013, aliyetaka picha za juu kwa bei ya mtu wa kawaida alilazimika kuunga mwenyewe: fremu huku, mota kule, bodi ya kuongozea kwingine. Hata hiyo Phantom ya kwanza ilikuja bila kamera, na watu walifunga GoPro chini yake. Leo kuna droni ndogo za kukunja, kama Mavic Mini iliyotoka 2019 ikiwa na gramu 249 tu, ambazo zina kamera na kitulizo chake ndani tayari. Kwa anayetaka video ya shamba, nyumba inayouzwa au harusi wikiendi hii, droni ya kuunga haitashindana na hizo kwa bei wala kwa usumbufu.

Kuunga kuna maana kwa mtu wa aina nyingine. Huyu anataka kubeba kamera aliyonayo, au anataka droni anayoweza kuitengeneza mwenyewe mkono ukivunjika, bila kuituma nje ya nchi na kusubiri mwezi. Wapo pia wanaotaka kujua kazi ya droni kwa undani ili iwe ufundi wa kuwaingizia kipato. Maelezo yanayofuata ni ya hao.

Jambo moja la pembeni. Droni za mikono mingi si bora kwa kila kazi. Zanzibar ilipoanza kupigwa picha nzima kwa ajili ya ramani mwaka 2016, zilitumika droni za mabawa zinazofanana na ndege ya kawaida, kwa sababu bawa hubebwa na hewa na hula betri kidogo kwa eneo kubwa. Droni ya mikono mingi hunyanyuliwa na mota tu, kila sekunde. Faida yake ni kwamba inaweza kusimama tuli hewani, kurudi nyuma na kuzunguka kitu taratibu, na kwa anayepiga picha na filamu hilo ndilo linalotakiwa.

Namba kwenye jina la fremu

Fremu nyingi huuzwa kwa namba: 250, 450, 550, 650. Namba hiyo ni umbali kwa milimita kutoka mota moja hadi mota iliyo upande wa pili kabisa, kwa mshazari. Wengi hudhani ni ukubwa tu. Kumbe namba hiyo ndiyo inayoamua propela itakayoingia, na propela ndiyo inayoamua mzigo.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwenye fremu ya mikono minne, umbali kati ya mota mbili jirani ni namba hiyo mara 0.7. Fremu ya 450 inatoa milimita 315 hivi, kama inchi 12 na kitu. Lakini propela mbili jirani hazitakiwi kukaribiana sana, wala propela haitakiwi kupita juu ya bamba la kati, ndiyo maana fremu ya 450 huvaa propela za inchi 9 hadi 10. Fremu ya 650 inatoa milimita 455, na hapo zinaingia za inchi 13 hadi 15 bila kubanana.

Kwenye mikono sita hesabu inabadilika, na hapo ndipo watu hukosea. Umbali kati ya mota jirani unakuwa nusu ya namba. Fremu ya 550 ya mikono sita inatoa milimita 275, yaani inchi 10 na nukta kadhaa. Kwa hiyo fremu ya 550 yenye mikono sita huvaa propela zilezile za inchi 10 zinazovaliwa na 450 ya mikono minne. Anayenunua 550 akitegemea propela kubwa zaidi amepotea njia. Alichopata ni mota mbili za ziada.

Propela kubwa inayozunguka taratibu hunyanyua gramu nyingi zaidi kwa kila wati ya betri kuliko propela ndogo inayozunguka kwa kasi. Ndiyo sababu droni za mashindano za inchi 5 hukimbia kama mshale lakini hukaa hewani dakika chache tu. Fremu ya 250 ni ya mbio na video za kasi. Kwa anayetaka picha iliyotulia, huko siko kwa kuanzia.

Hesabu ya gramu

Chukua fremu inayojulikana zaidi katika kundi hili, F450 ya DJI, ambayo imeigwa na viwanda vingi kiasi kwamba nakala zake ni nyingi kuliko zenyewe. Fremu tupu ina gramu 282. Kiwanda kilitaja uzito wa kupaa, pamoja na kila kitu, kati ya gramu 800 na 1,600.

Sasa ijazwe. Mota nne za ukubwa wa 2212 ni gramu 50 hivi kila moja, jumla 200. Vidhibiti vya kasi ya mota, ambavyo mafundi huviita ESC, vinne ni kama gramu 110. Propela nne ni kama 50. Hapo tayari imefika gramu 640 na droni haina ubongo wala betri. Bodi ya kuongozea, GPS, kipokezi cha rimoti na nyaya ni kama 150. Miguu mirefu ya kuinua kamera isiguse chini, 100. Betri ya seli tatu yenye mAh 5,000 ni kama 390. Kamera ndogo ya aina ya GoPro pamoja na kitulizo chake cha mota ni kama 270.

Jumla inakuja gramu 1,550 hivi. Yaani kamera ndogo kuliko zote imeshaifikisha fremu ya 450 karibu na mwisho wake.

Hiyo ndiyo sababu ya kupima kamera kwanza. Kamera ya picha isiyo na kioo cha ndani, pamoja na lenzi yake, hufika nusu kilo kirahisi, na kitulizo cha kuibeba huwa na uzito unaokaribiana nayo. Ni kilo moja kabla ya kuhesabu kingine chochote. Mtu akiifunga kwenye 450 kwa sababu skrubu zimekubali, droni inaweza kupaa kweli. Ila haitakuwa na nguvu iliyobaki ya kupambana na upepo wala kusimama haraka wakati wa kushuka. Kanuni inayotumika sana na waungaji ni kwamba mota zote zikifunguliwa mwisho ziweze kunyanyua mara mbili ya uzito wa droni. Mota nne za 2212 kwa betri ya seli tatu na propela za kundi hili hunyanyua kama gramu 3,200. Kwa droni ya 1,550 inatosha. Kwa droni ya kilo 2 na nusu haitoshi hata kidogo.

Muda wa kuruka nao unatoka kwenye gramu hizohizo. Droni ya uzito huo ikisimama hewani inakula kama ampea 18. Betri ya mAh 5,000 haitumiwi yote, inaachwa asilimia 20 ili isiharibike, kwa hiyo zinabaki 4,000. Gawanya, unapata dakika 13 hivi. Wengi wakiona hivyo hufunga betri ya pili, wakitegemea dakika 26. Hawazipati. Betri ya pili ni gramu 390 zaidi, mota zinafanya kazi zaidi ili kuibeba, na droni imeshapita uzito iliyopangiwa. Ni afadhali kuwa na betri tatu mfukoni na kutua kubadilisha.

Nailoni, kaboni, mbao

Mikono ya F450 imetengenezwa kwa nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Si nyenzo ya kujivunia mbele za watu, lakini kwa anayejifunza ni nzuri sana. Inapinda kidogo kabla ya kuvunjika. Ikivunjika, unavunjika mkono mmoja, unafungua skrubu chache na kuweka mwingine, na mota mara nyingi imenusurika. Mikono huja na rangi mbili tofauti, na hiyo si urembo. Miwili ya rangi moja huwekwa mbele ili rubani ajue droni imeelekea wapi ikiwa mbali.

Kaboni ni nyepesi na ngumu, haipindi. Ugumu huo husaidia picha, kwa sababu mkono usiopinda hautetemi ovyo, na bodi ya kuongozea haihangaiki kusahihisha. Kwenye fremu kubwa za 650 na kuendelea hakuna ubishi, kaboni ndiyo inayofaa, kwa kuwa mkono mrefu wa nailoni ungepinda kwa mzigo. Ila kaboni ina tabia tatu ambazo muuzaji hatazitaja. Ikigonga chini kwa nguvu hupasuka ghafla, na wakati mwingine ufa uko ndani hauonekani. Inapitisha umeme, kwa hiyo waya uliochubuka ukigusa mkono wa kaboni unaweza kupiga shoti. Pia inazuia mawimbi ya redio, hivyo antena ya kipokezi haifichwi ndani ya bamba, na GPS hupandishwa juu kwenye kijiti chake. Anayekata au kutoboa kaboni nyumbani avae barakoa. Vumbi lake halifai kuvutwa.

Mbao isidharauliwe. Mikono ya mbao kavu iliyonyooka hunyonya mtetemo vizuri, na seremala wa mtaani anaweza kuipasua kwa nusu saa. Wapo waliojifunza kuruka kwa mikono ya mbao kabla ya kugusa kaboni. Bomba la alumini nalo hutumika, lakini likipinda limepinda. Halirudi, na mota inayoinama nyuzi mbili tatu inaifanya droni izunguke yenyewe.

Suala la nakala linahitaji macho. Nakala nzuri ya F450 inafanya kazi kama yenyewe kwa bei ndogo zaidi. Nakala mbaya ina plastiki kavu inayovunjika kama biskuti na matundu ya skrubu yanayokatika uzi mara ya pili kufungwa. Kama fremu inaonekana kwa macho dukani, mkono ukamatwe ncha zote mbili na kupindwa taratibu. Wa kweli unarudi. Unaolia au kuweka alama nyeupe katikati, mwache nao. Bamba la chini liangaliwe pia, maana kwenye fremu za kundi hili ndilo linalogawa umeme kutoka betri kwenda kwa kila mota, na nyaya zinalehemewa juu yake moja kwa moja. Sehemu za kulehemu zikiwa zimebanduka au zimepauka, umeme utakatika hewani.

Mikono minne, sita au minane

Anayeanza hushauriwa sana kuchukua mikono sita kwa usalama. Ushauri una ukweli ndani yake, lakini hutolewa nusu.

Droni ya mikono minne ikipoteza mota moja au propela moja, inaanguka. Yenye mikono sita inaweza kushuka ikiwa bado wima, mara nyingi ikizunguka, kama bodi yake ina programu ya kuhimili hilo na mota tano zilizobaki zina nguvu ya kutosha. Kama imejazwa mzigo hadi mwisho, mikono sita haisaidii kitu. Minane ndiyo inayohimili vizuri, ndiyo maana droni za filamu zenye kamera za gharama zilijengwa hivyo.

Gharama iko hivi. F550, ndugu wa mikono sita wa F450, ina fremu ya gramu 478 na kiwanda kiliiwekea mwisho wa kupaa wa gramu 2,400. Ukitoa fremu, mota sita, ESC sita na propela sita, zinabaki gramu 1,380 hivi za betri, bodi, miguu na kamera. Kwenye F450 zinabaki kama 960. Faida ni gramu 420, na betri kubwa inayohitajika kulisha mota sita inakula sehemu nzuri ya hizo. Kinachobaki kinatosha kamera nzito kidogo, si kamera ya filamu. Na kuna vitu viwili zaidi vya kuharibika, vya kulehemu na vya kununua spea.

Kwa mwanafunzi, minne. Sita ije siku kamera itakapokuwa na thamani kuliko droni yenyewe.

Kamera inakaa wapi

Hapa ndipo fremu za kuruka na fremu za kupiga picha zinapotengana, na hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kabla ya kulipa.

Tatizo la kwanza ni propela kuonekana kwenye picha. Fremu ya umbo la X iliyo sawa pande zote huweka propela mbili mbele ya kamera, kulia na kushoto. Lenzi pana ya kamera ndogo huzinasa pembeni mwa picha, hasa droni inapoinama kwenda mbele. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuishusha kamera chini kabisa, ikining'inia kwenye kitulizo kati ya miguu mirefu. Ya pili ni fremu ambayo mikono ya mbele imefunguka pembeni zaidi kuliko ya nyuma, ikifanana na buibui aliyejinyoosha. TBS Discovery ilikuwa ya umbo hilo, na ilitumia mikono ileile ya F450, kwa hiyo spea hazikuwa shida. Nakala za umbo hilo bado zinauzwa. Kasoro yake ni kwamba mzigo haugawanyiki sawa, mota za upande mmoja hufanya kazi zaidi, hivyo betri lazima isogezwe hadi droni isimame sawa.

Kupima usawa hakuhitaji kifaa. Kila kitu kikiwa kimefungwa, pamoja na kamera na betri, droni inanyanyuliwa kwa vidole viwili katikati ya bamba. Ikiinamia mbele, betri irudishwe nyuma. Fremu yenye bamba refu linaloruhusu betri kusogea sentimita chache ina thamani kuliko fremu nzuri yenye sehemu moja tu ya kuikalisha. Huwezi kuliona hilo kwenye picha ya tangazo.

Tatizo la pili ni mtetemo. Kamera nyingi ndogo husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, si yote kwa mpigo. Kamera ikitetemeka wakati mistari inasomwa, kila mstari unakaa mahali tofauti kidogo, na video inacheza kama uji mzito uliotikiswa. Kitulizo cha mota hakiondoi hilo. Kitulizo husahihisha kuinama na kuyumba kwa taratibu. Mtetemo mdogo wa haraka unapita. Dawa yake iko kwenye fremu na propela. Propela zisawazishwe kabla ya kufungwa, upande mzito ukibandikwa utepe upande wa pili hadi zilale sawa. Mota iliyopinda mhimili itolewe. Kamera ikae kwenye bamba lake dogo lililoshikwa na raba laini, lisigusane na bamba la mota. Fremu iwe na nafasi ya kuweka bamba hilo. Ukikuta fremu ya bei nafuu ambayo kamera inafungwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye bamba kuu, hiyo ni ya kujifunzia kuruka tu.

Miguu nayo. Miguu mifupi ya plastiki inayokuja na fremu nyingi haifiki chini ya kitulizo. Mirefu inahitajika, na miguu mirefu huangusha droni ubavu wakati wa kutua kwenye nyasi au ardhi yenye mteremko. Miguu iliyotanuka kwenda nje husimama vizuri kuliko ile iliyonyooka. Ile ya kupanda juu yenyewe ni mizuri kwa kamera inayozunguka pande zote, lakini inaongeza mota mbili ndogo na gramu ambazo fremu ya 450 haina. Fremu za S500, zilizofuata umbo la F450 kwa mikono mirefu kidogo, huja na miguu mirefu tayari, na kwa anayeanza moja kwa moja na kamera zinamwondolea kazi hiyo.

Pwani si sawa na Nairobi

Fremu ileile haifanyi kazi sawa kila mahali. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya mita 1,700 hivi. Hewa huko ni nyepesi kwa asilimia kama 16 kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa. Propela ikizunguka kwa kasi ileile inasukuma hewa kidogo. Zile gramu 3,200 za mota nne zinakuwa kama 2,700, na droni ya gramu 1,550 inapoteza ile akiba ya mara mbili. Muda wa hewani nao unapungua, dakika 13 zinaelekea 12. Anayekaa nyanda za juu ashushe uzito, au achague fremu inayokubali propela kubwa kidogo.

Pwani shida ni nyingine. Upepo wa kusi, unaovuma katikati ya mwaka, ni mkali kuliko kaskazi, na droni nyepesi yenye bamba pana na miguu mirefu hushikwa na upepo kama mwavuli. Chumvi ya bahari huingia kwenye mota na kwenye sehemu zilizolehemewa. Baada ya kuruka ufukweni, fremu ifutwe kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo na kukaushwa, na skrubu za chuma cha kawaida zibadilishwe kwa zisizoshika kutu. Wavuvi wakiwa majini, mdomo wa droni uelekee nchi kavu wakati betri inakaribia nusu, maana kurudi dhidi ya upepo kunakula zaidi kuliko kwenda.

Ruhusa

Kuunga mwenyewe hakumwondoi mtu kwenye sheria. Kenya ina kanuni za droni za mwaka 2020 chini ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, na droni inatakiwa kusajiliwa. Tanzania usajili uko TCAA, na anayepiga picha za angani anahitaji pia kibali cha wizara ya ulinzi. Hifadhi za taifa zina ruhusa zao, tofauti na hizo. Jambo la busara ni kuuliza mamlaka kabla ya kuagiza vifaa nje, kwa sababu mzigo wenye fremu, mota na rimoti unaweza kuzuiwa forodhani ukisubiri karatasi. Betri zikija na abiria kwenye ndege, hubebwa kwenye begi la mkononi. Ya seli tatu ya mAh 5,000 ina wati-saa 55.5, chini ya ile 100 ambayo mashirika mengi huruhusu bila maombi maalumu.

Kwa hiyo inunuliwe ipi?

Kwa mwenye kamera ndogo ya aina ya GoPro, 450 au S500 ya nailoni, mikono minne. Pamoja nayo ziagizwe siku hiyohiyo mikono miwili ya akiba, propela seti nne, skrubu za ziada na gundi ya kushika skrubu zisilegee kwa mtetemo. Propela ndizo zinazokwisha kwanza, na anayenunua seti moja atakaa wiki tatu bila kuruka kwa kitu cha bei ya chakula cha mchana.

Kwa mwenye kamera ya nusu kilo, fremu anayohitaji ni 650 ya kaboni yenye propela za inchi 13 hadi 15, na betri yake, mota zake na kitulizo chake vyote ni vya daraja jingine la bei. Huyo naye aanze na 450. Si hasara. Rimoti, kipokezi, GPS, chaja na mara nyingi bodi ya kuongozea huhamia kwenye fremu mpya. Kinachobaki nyuma ni mota ndogo, ESC na mifupa ya gramu 282.

Betri kumi za kwanza zirushwe bila kamera. Mahali pake pafungwe chupa ndogo ya maji yenye uzito uleule, ili droni izoee mzigo na rubani azoee jinsi inavyochelewa kusimama. Kuruka kufanyike uwanjani asubuhi kabla upepo haujaanza, pasipo watu chini. Baada ya kila betri mota zishikwe kwa kidole. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, mkono wake umepinda, mhimili wake umepinda, au mzigo umeegemea upande huo, na haitakiwi kurudi hewani kabla sababu haijapatikana.